Baraza la Usiku wa Jalidi

Uani kwa nyumba moja mjini Leicester, Uingereza, jioni ya mwisho wa Oktoba. Redio ya jikoni imetangaza kwamba usiku huu joto litashuka chini ya sifuri, umande ugande. Mwenye nyumba ni bibi wa Kihindi mzaliwa wa Kampala. Huongea na mimea yake kwa Kiswahili alichokiokota dukani kwa baba yake, chenye ngeli mbili tu, nayo mimea imekichukua na kukinyoosha hadi ikampita. Mlangoni pa banda ameegeshwa Toroli, mzee wa kutu. Amejipa ukarani, hakuna aliyempigia kura.

TOROLI: Kimya barazani! Usiku huu jalidi inaingia. Nafasi za bandani ni chache na mbebaji ni mimi. Kila mmoja aseme yeye ni nani, katoka wapi, na kwa nini asiachwe nje.

HOLI: Mimi siombi nafasi. Andika hivyo. Mimi ni mwenyeji. Mababu zangu walikuwa kwenye misitu ya nchi hii kabla haijawa nchi. Jani langu lina nta, theluji ikilidondokea inateleza. Waulizwe hawa waliokuja juzi.

TOROLI: Kalamu sina, Mzee Holi, nitakariri. Dalia!

DALIA: Abee. Lakini mbona haraka? Mimi ndiyo kwanza nimenoga. Bibi kanikata maua jana ya kuweka mezani, leo nimefungua mengine.

TOROLI: Kesho asubuhi utaamka mweusi.

DALIA: Najua, ndugu yangu, si mara ya kwanza. Na Bibi hanichimbui mpaka auone huo weusi wenyewe. Ukining'oa mapema, viazi vyangu vya chini havijashiba. Majani yakishaungua ndipo anakata shina, anabakiza kiasi cha kiganja, ananitoa kwa uma, ananikung'uta udongo, kisha ananing'iniza bandani kichwa chini wiki mbili tatu.

YASMINI: Kichwa chini! Na bado anajiita mrembo.

DALIA: Shina langu lina uwazi ndani, shoga. Maji yasipotoka yanashuka kwenye viazi, na hapo nimekwisha. Baada ya hapo ni sanduku la mchanga mkavu, gizani, mahali pasipoganda, mpaka majira ya kuchipua. Na usinicheke. Nimetoka Mexico, viazi vyangu vikiliwa kabla Mhispania hajatia nanga. Mwaka 1789 nikafikishwa bustani ya mimea ya Madrid, na 1791 nikapewa jina la Anders Dahl, Mswidi ambaye wakati huo alikuwa ameshazikwa. Sikulalamika. Mwaka 1963 Mexico ikanitangaza ua la taifa. Wewe ni ua la taifa gani?

YASMINI: Mimi sina taifa, nina kazi. Robert Fortune alinileta kutoka China mwaka 1844, na tangu siku hiyo sijamwomba mtu blanketi. Nyinyi mkishafungiwa masandukuni, mimi nachanua manjano kwenye kijiti kitupu kisicho na jani, Desemba, Januari, Februari. Mtu akifungua mlango wa nyuma saa kumi alasiri na giza linaingia, anamwona nani?

DALIA: Anakuona wewe. Na ananusa nini?

(Kimya.)

MGOMBA: Shoga, jibu.

YASMINI: Harufu ni ya kuwaita nyuki. Januari nyuki wamelala. Nijichoshe kwa ajili ya nani?

DALIA: Mbona Sarcococca, yule kichaka mfupi pale mlangoni, vijiua vyake havionekani bila miwani, na Januari hiyohiyo ananukia mpaka kwa jirani? Yeye anawaita nyuki gani?

MGOMBA: Mwaka wa kwanza Bibi alikuinamia, Yasmini. Aliposikia jina alidhani atapata ya kusuka na kuvaa kwenye nywele. Akatia pua, akavuta, akavuta tena, akaenda ndani kunywa dawa ya mafua.

TOROLI: Tusivunjiane heshima. Mgomba, ni zamu yako.

HOLI: Huyo ndiye wa kuondoa kwanza. Mgomba, Leicester! Ni dhihaka.

MGOMBA: Mzee Holi, hapa wananiita mgomba wa Kijapani, ingawa asili yetu ni kusini ya China, Japani tulilimwa tukatolewa nyuzi za kufumia nguo. Bibi alininunua akiota matoke. Alipoambiwa ndizi zangu ni mbegu tupu, alikaa kwenye ngazi ya mlango akacheka peke yake, kisha akanipanda hivyohivyo.

TOROLI: Unahitaji nini?

MGOMBA: Mimi siingii bandani, mimi naletewa nyumba. Ananikata majani yote, ananiacha gogo la kumfika kifuani. Anazungusha seng'enge ya kuku, anashindilia nyasi kavu za ngano mpaka juu, halafu anaezeka kwa plastiki. Hilo paa ndilo la maana. Baridi tupu naivumilia. Mvua ikiingia moyoni ikakaa, naoza. Watu wengi hapa wanaua mimea kwa maji, kisha wanailaumu baridi.

HOLI: Nyasi, seng'enge, plastiki, kwa mti ambao hata kikonyo cha kula hautoi! Na yeye mwenyewe ndani kavaa sweta mbili kwa kuogopa bili ya gesi.

URUJUANI (kutoka ndani, nyuma ya kioo cha dirisha): Hilo kweli. Mimi niko naye humu. Jana kazima hita saa tatu usiku. Mgomba anavishwa, mwenye nyumba anatetemeka.

MGOMBA: Kila anaponivisha ananisimulia. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90, yeye alikuwa msichana. Ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba. Yake ilifuata baadaye. Wakapelekwa kambi ya zamani ya jeshi la anga kule Stradishall, Suffolk, na mama mmoja wa kujitolea akamvika koti la kiume lililomfika vifundoni. Anasema hakuwahi kuvaa kitu kibaya kama kile, wala kizuri kama kile. Nadhani mimi ndiye ninayelipwa deni la koti.

HOLI: Na waliambiwa wasije. Baraza la mji huu liliweka tangazo.

URUJUANI: Liliweka, tena kwenye gazeti la Uganda Argus, hukohuko Kampala: mji umejaa, nyumba hakuna, shule hakuna, kwa faida yenu msije Leicester. Wapo wanaosimulia hadi leo kwamba jina Leicester waliliona kwa mara ya kwanza kwenye tangazo hilo.

HOLI: Lilikuwa tangazo la busara.

URUJUANI: Lilikuwa tangazo la utalii. Na baraza hilohilo la mji ndilo linalotundika taa za Diwali barabara ya Belgrave kila mwaka, watu wakamiminika kwa maelfu kuzitazama. Mnaulizana rangi ya msimu wa baridi inatoka wapi? Pandeni ukutani muone.

TOROLI: Hilo si ajenda. Halafu wewe uko ndani kwenye joto, unachangia kwa cheo gani?

URUJUANI: Kwa cheo cha aliye hatarini. Bibi akivuta pazia usiku, mimi nabaki kati ya pazia na kioo, na pale joto la chumba halifiki. Mmoja wenu amwambie anihamishie mezani kwanza, ndipo avute. Na asinimwagie maji baridi ya bomba juu ya majani. Nafanya madoa yasiyotoka.

TOROLI: Asili?

URUJUANI: Milima ya Usambara, Tanga. Kwetu tunakaa kwenye miamba, kivulini, ukungu ukipita. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, akatutuma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akatuandika kwa jina la familia yao: Saintpaulia. Mlima tumezaliwa sisi, jina la baroni. Basi, tukalizoea. Mwaka 2015 wataalamu wakapitia mafaili, wakasema hakuna Saintpaulia, nyinyi ni Streptocarpus.

TOROLI: Kwa hiyo kwa sasa hati zako hazifanani.

URUJUANI: Dukani nina jina moja, vitabuni lingine. Kila dirisha la Ulaya lina ndugu yangu kwenye kopo, na kule misituni baadhi ya koo zetu zimebaki chache za kutafutwa kwa tochi.

KABICHI (wa urembo, akidakia): Samahanini, mbona mnaiongelea baridi kana kwamba tuko matangani? Mimi naingoja! Agosti nzima nilikuwa kabichi tu, kijani, hakuna aliyenitazama. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10, moyo wangu unageuka waridi na zambarau. Nipewe nini bandani? Niacheni nje, nielekezwe barabarani.

DALIA: Na ukipikwa?

KABICHI: Naliwa. Sema mchungu kidogo.

MGOMBA: Kidogo! Mwenzio Sukuma Wiki pale kwenye ndoo hana rangi yoyote ya kujivunia, ila jalidi ikimpiga anageuza wanga kuwa sukari asigande, na anakuwa mtamu. Bibi hamgusi mpaka Novemba.

HOLI: Nimewasikiliza vya kutosha. Mexico, China, Japani, Tanga. Sasa sikieni: Krismasi ikifika, kadi zote za nchi hii zina picha yangu, matunda mekundu, na robini amekaa juu ya tawi. Hamwoni picha ya mgomba.

YASMINI: Robini yupi? Wengine majira haya huwa wamevuka bahari kutoka Skandinavia.

HOLI: Robini ana kibali.

TOROLI: Mzee Holi, kwa kuwa umeingiza suala la vibali. Bibi alipofagia majani wiki iliyopita aliyatia humu ndani yangu, na chini yake kikabaki kitu. Ni lebo ya bati ya duka la miche. Ina waya uliokatika, na alama ya waya huo ipo kwenye shina lako.

HOLI: Lebo ni za wageni.

TOROLI: Imeandikwa Golden King. Nadhani ni mfalme.

HOLI: Mnaona!

URUJUANI: Ngoja. Huyo mfalme ana matunda?

TOROLI: Yamemjaa.

URUJUANI: Basi si mzee, ni bibi. Kwa holi ni mambo ya mipapai: dume hazai, na jike hazai bila dume kuwa karibu.

DALIA: Dume yuko wapi?

YASMINI: Nyumba ya pili, mwenye majani ya ukingo mweupe. Namwona juu ya ukuta. Na lebo yake ipo bado: Silver Queen.

DALIA: Malkia ndiye baba, mfalme ndiye mama?

URUJUANI: Waliowapa majina huenda hawakungoja matunda. Toroli, soma juu ya hapo, herufi ndogo.

TOROLI: Ilex, kisha alama ya kuzidisha, kisha altaclerensis.

URUJUANI: Hiyo alama ni ya kuchanganya damu. Bibi ana kitabu hapa rafu ya dirishani, na mimi sina kazi nyingine mchana kutwa. Mzazi mmoja ni holi wa hapa. Wa pili ni holi wa visiwani: Madeira, Azores, Canary.

(Holi hasemi kitu. Mahali fulani mbali fataki za Diwali zinalipuka, watoto wanashangilia.)

KABICHI: Ndiyo maana majani yake karibu hayana miiba! Mimi nilidhani ni upole.

HOLI: Huko Madeira… pwani yake, jalidi ipo?

URUJUANI: Pwani hapana. Wanalima ndizi.

MGOMBA: Karibu sana, jirani.

HOLI: Toroli, mwanangu.

TOROLI: Naam, Mze… naam, Bibi Holi.

HOLI: Zile nyasi kavu za Mgomba. Zinabaki?

TOROLI: Foleni inaanzia nyuma ya Dalia. Na uje na lebo yako.