Falsafa ya Hewa Moto: Mhadhara wa Mtaalamu Asiyealikwa

Wakaazi watukufu wa Eldoret, mji uliozaliwa ukiwa shamba namba 64, wenyeji wakauita Sisibo, ukapata jina lake rasmi mwaka 1912 na kuvishwa taji la jiji tarehe 15 Agosti 2024: Mtaalamu yuko mbele yenu. Hakualikwa na mtu. Chuo kilichompa shahada hakijulikani, ingawa mji huu una vyuo tele. Hata hivyo amemiliki bunduki ya hewa moto kwa miaka mitatu mizima, muda ambao kwa hesabu zake unamtosha mtu kuwa profesa. Wiki iliyopita bunduki hiyo ilikata roho. Chanzo cha kifo ni siri ya familia. Mada ya leo ni mrithi.

Tuanze na istilahi. Mafundi wa gereji za Langas huiita hitigani. Mtaalamu hawakemei, anawahurumia tu. Ndani yake mna feni na koili ya nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906. Koili huzungushiwa kwenye kauri au ulanga, vitu visivyopitisha umeme wala kuogopa moto. Feni inasukuma hewa, koili inaipasha. Basi. Mtaalamu alichukua miezi minne kuligundua hilo, kwa kuwa alikuwa akiusoma mwongozo upande wa Kichina.

Sasa ingia dukani. Muuzaji atakutangazia "wati elfu mbili!" kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe wa gredi mwenye lita thelathini. Usitetemeke. Kwa stima yetu ya volti 240, wati 2000 ni ampea nane na ushei, na plagi yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba hadi wati 3100 hivi bila kulalamika. Kinacholalamika ni ile ekstensheni nyembamba unayoiacha imeviringwa kama chapati: waya unapata joto, plastiki inalainika, na nyumba inaanza kunuka kabla rangi ya mlango haijabanduka. Nusu saa ya kazi inameza uniti moja ya tokeni. Kati ya wati 1800 na 2000, bwana, tofauti utaisikia dukani kuliko kazini.

Jambo la kuuliza ni kidhibiti cha joto. Nyingi za bei nafuu zina hatua mbili tu, kwa mfano nyuzi 350 na nyuzi 550 za Selsiasi. Mrija wa plastiki wa kufunikia maungio ya waya za gari huanza kujikaza kwenye nyuzi 90 hadi 125. Bampa la polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160. Kuviendea vitu hivyo kwa nyuzi 350 ni kuwaita askari wa kutuliza ghasia waamue ugomvi wa watoto wa chekechea. Inawezekana, ukisimama mbali na mkono usitulie, lakini kuna siku utapigiwa simu katikati ya kazi. Bosch GHG 20-63 huanzia nyuzi 50 na kupanda hadi 630. Makita HG6530V huenda kutoka 50 hadi 650. Mtaalamu hana hisa katika kampuni hizo. Hana hisa popote.

Kuna wale wenye binamu Minnesota. Binamu ana moyo mzuri, atakutumia bunduki ya wati 1500 ndani ya sanduku la viatu vya mbio. Ile ni ya volti 120. Volti zikizidishwa mara mbili, nguvu inayopita kwenye koili huzidi mara nne, kwa hiyo ukiichomeka hapa itataka kutoa wati 6000. Itafanya kazi kuliko bunduki zote ulizowahi kushika, kwa sekunde chache.

Upande wa gari, msijidanganye kwamba tundu la kiberiti cha dashibodi litasaidia. Tundu hilo hutoa ampea 10 hadi 15, yaani chini ya wati 200. Wati 2000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 160. Leteni gari karibu na soketi. Na tinti au stika ya zamani ya kioo hubandukaje? Mtaalamu ameiona kwa macho yake. Joto la chini, mkono ukizunguka bila kukoma, kisha ukucha chini ya pembe moja. Gundi ikikubali, pembe inanyanyuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Unavuta polepole huku hewa ikiifuata, na kadi ya zamani ya duka inakwangua masalia. Ikikataa, usiongeze hasira, ongeza subira. Asubuhi za Eldoret kioo huwa baridi kama jiwe la mtoni, na joto kali likitua sehemu moja ghafla, kioo kinapasuka.

Nyumbani, milango ya kale ina tabaka za rangi zinazoweza kuwa na madini ya risasi. Kuanzia nyuzi 590 na zaidi risasi hugeuka mvuke, na mvuke huo hauna huruma kwa watoto. Shusha joto, fungua madirisha. Miongozo ya Ulaya husema pia chombo hiki huyeyusha barafu kwenye mabomba ya maji. Mtaalamu amengoja miaka mitatu, Eldoret haijampa nafasi.

Lakini imempa kitu kingine. Jiji hili liko mita 2100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya tano, na maji huchemka karibu na nyuzi 93. Wanariadha huja kuizoea hewa hiyo. Feni haizoei. Inazunguka vilevile ila inapitisha hewa pungufu, koili inapoa kidogo kuliko ilivyokusudiwa, na mdomo ukizibwa...

Hapa sauti kutoka jikoni imeuliza kama Baba atawaeleza wageni ile ya kwanza ilikufaje.

Mtaalamu analazimika. Ilikuwa mvua ya Julai, makaa yamelowa, chai imechelewa. Aliuzika mdomo wa bunduki katikati ya jiko, akaweka nyuzi za mwisho, akaenda kusikiliza habari. Hewa haikuwa na pa kutokea. Koili iliwaka nyeupe, ikakatika, na jikoni bado kunanuka plastiki iliyoungua. Chai ilipikwa kwa gesi.

Mrithi atakuwa na kidhibiti cha kuanzia nyuzi 50 na hatua ya hewa baridi, ya kupoza koili kwa dakika mbili kabla ya kuzima. Amekwisha nunuliwa, na Mama. Yuko kabatini. Ufunguo Mtaalamu hana.