Namna ya Kurusha Darasa Zima Kaniha

Anza kwa kukusanya madaftari yaliyokwisha. Katika kata ya Kaniha, huku Biharamulo, mwisho wa muhula hayakosekani, na mengi huishia kufungia karanga. Yaokoe. Ukurasa wa hesabu zilizokosewa huruka sawasawa na ukurasa wa hesabu zilizopatiwa zote.

Kisha nyamaza. Hilo ndilo gumu kuliko yote yatakayofuata, maana mwalimu akishika chaki tu, mkono humwasha. Iweke chini. Usieleze kitu mpaka ndege ya kwanza ya karatasi imempiga mtu kichogoni.

Kila mtoto akunje ndege mbili kwa karatasi za ukubwa mmoja: moja nyembamba yenye ncha kali, nyingine fupi yenye mabawa mapana. Tokeni uwanjani asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Ile nyembamba ikirushwa kwa nguvu huenda mbali. Ikirushwa taratibu hudondoka mara moja. Ile pana huelea hata kwa mwendo mdogo, lakini ukiitupa kwa hasira hupanda, husita, na kuanguka. Waulize watoto kwa nini. Majibu yatakuwa mengi, uchawi ukiwamo. Yaandike yote, kisha kila jibu lipimwe kwa kurusha tena.

Hapo mkasi uingie kazini. Punguza bawa la kushoto kidogo, ndege itainamia kushoto na kukata kona huko. Kunja kingo za nyuma juu kidogo, pua itainuka. Zikunje kupita kiasi, itapanda, itaishiwa mwendo na kuporomoka. Rubani wa kweli hulihofia jambo hilo, na mtoto wa darasa la nne ameligundua kwa karatasi.

Sasa ruksa kueleza, na iwe kwa ufupi: bawa husukuma hewa kwenda chini, nayo hewa hulisukuma bawa kwenda juu. Umbo la bawa na mwinamo wake ndivyo huamua ni hewa kiasi gani itasukumwa, na kwa gharama gani ya mwendo. Nakusihi, usiwasimulie ile ngano ya hewa inayogawanyika mbele ya bawa, kisha ya juu ikakimbia ili ikutane na ya chini kule nyuma kwa wakati mmoja. Hazina miadi hiyo. Hewa ya juu huenda kasi kweli, tena hutangulia kufika bila kuisubiri ya chini. Ngano hiyo imenakiliwa kwa miaka mingi, na mtoto akishaimeza ni kazi kuitoa.

Maabara iliyobaki iko bure angani. Kanga ana mabawa mafupi ya mviringo: huchomoka kichakani ghafla kabla hujamwona vizuri, lakini hafiki mbali. Mbayuwayu ana marefu yaliyochongoka, ndiyo maana hukata kona akifukuza wadudu na asiguse ukuta. Tumbusi ana mapana sana, na manyoya ya nchani yametengana. Huzunguka ndani ya hewa ya moto inayopanda, hapigi mabawa, na bado anazidi kwenda juu. Juu kiasi gani? Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa Rüppell, jamii ambayo Tanzania pia tunayo, aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita zipatazo 11,300.

Msimu wa senene nao usipite bure. Kabla sufuria halijapata moto, mtoto akinyonyoa mabawa ayafungue. La mbele ni jembamba na gumu kidogo, hulifunika lenzake. La nyuma ni jepesi, limekunjwa, na likifunguka ndilo pana. Hilo ndilo hubeba kazi kubwa ya kuruka. Akishaona, ale.

Ndege za chuma pia hufuata sheria hiyohiyo. Dash 8 Q400 za Air Tanzania zitumikazo Bukoba zina mabawa yaliyonyooka, yapata mita 28 kutoka ncha hadi ncha, yanayobeba vizuri kwa mwendo wa wastani. Boeing 787-8, ambayo shirika hilo lilipokea ya kwanza Julai 2018, ina mabawa ya mita 60 yaliyolala nyuma, kwa sababu huenda karibu kilomita 900 kwa saa, na kwa kasi hiyo bawa lililonyooka hukabwa na hewa.

Mwalimu mkuu akitokea na kukuta uwanja umejaa makaratasi, mpe moja arushe, halafu watoto waokote yote. Nanyi wazazi wa Kaniha, mkimkuta mtoto jioni anachana daftari la zamani, kabla ya kumkaripia muulizeni kwanza anatengeneza bawa la kanga au la tumbusi.