Mwezi Mpevu Kwenye Kiti cha Kinyozi

Barua zilizoifikia safu hii mwezi huu zimenistaajabisha. Nilipokabidhiwa nafasi hii nilitazamia kuulizwa mambo ya mirathi, ya madeni, na ya wake waliorudi kwao kwa hasira, walakini kila bahasha niifunguayo naikuta imebeba mashavu. Watu wameacha kuwashtaki waume zao, wanazishtaki nyuso zao. Na maadamu nilishika mkasi miaka 38 katika kibanda changu cha Ngamiani, Tanga, kabla mkono haujaanza kutetemeka na wateja kuanza kusoma dua wanapoketi, sikuona vema kuwaelekeza kwa mtu mwingine.

*Mzee Kinyozi, shikamoo. Nina miaka 29, nimechoka kusuka na kubandika, nataka nikate nywele ziwe fupi. Wifi yangu amesema nikikata nitafanana na sinia lililokosa pilau. Ni kweli uso wangu ni wa duara. Nifanyeje? — Sinia, Chumbageni.*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa wifi. Kabla hatujaunyanyua mkasi yatupasa kwanza kuthibitisha kama shutuma hii ni ya kweli, kwa sababu wifi, pamoja na heshima zote anazostahili katika ukoo, si chombo cha kupimia nyuso. Twaa uzi, usimame mbele ya kioo nywele umezirudisha nyuma, upime tangu mpaka wa nywele juu ya paji hadi ncha ya kidevu. Kisha upime kutoka shavu hadi shavu, pale mfupa ulipochomoza zaidi. Ikiwa vipimo hivyo viwili vinakaribiana, na taya limepinda polepole pasipo pembe, basi uso wako ni wa mviringo kweli. Ikiwa vinakaribiana lakini taya lina pembe, uso wako ni wa mraba, na wifi hajui kutofautisha sinia na sanduku. Na ikiwa urefu umeuzidi upana kwa dhahiri, una uso wa yai, na yeye anahitaji miwani.

Tuseme umepima na duara imethibiti. Washairi wetu wa pwani, walipotaka kumsifu mwanamke hata wasibakize neno, walimfananisha na badri, yaani mwezi wa siku kumi na nne, na sifa hiyo tunashirikiana na Waarabu, ambao nao tangu kale waliwaita wapenzi wao mwezi. Wala katika umri wangu wote sijapata kusikia utungo wa mahaba unaomtukuza mtu kwa uso mrefu kama kasia. Hofu hii ya mviringo haikushuka na jahazi lolote ninalolijua. Imeletwa na majarida ya picha, ambayo yamelifanya yai kuwa mizani ya nyuso zote, kana kwamba wanadamu tulitagwa.

Walakini hukuniandikia kuomba mashairi. Jua, basi, kwamba mkasi hauwezi kulipunguza shavu hata kwa kiasi cha unywele mmoja. Kazi yake yote ni kulishika mkono jicho la mtazamaji na kulitembeza njia tunayoitaka sisi. Jicho likikuta mstari wa mlalo huona upana, na likikuta kitu kilichosimama huona urefu. Kwa hiyo nywele zilizotuna juu ya masikio huutanua uso pande mbili kama shogi la punda. Zilizokatwa sawasawa zikaishia usawa wa shavu au kidevu hupiga mstari mahali hasa ambapo hatukutaka mstari upite. Nazo za mbele zilizoshushwa juu ya paji kama pazia la dirisha hulificha paji zima, na kile kinachobaki chini yake huwa ni mashavu matupu. Wewe ufanye kinyume cha hayo: ubakize kimo utosini, kiasi cha vidole viwili au vitatu, upunguze hatua kwa hatua kuelekea masikioni na kisogoni, na shingo iachwe wazi kabisa, kwa maana shingo ikionekana uso huazima urefu wake. Ukitaka njia ya kuchania, ipasuliwe ubavuni, si katikati, ili uso usigawanywe kama chungwa.

Na hapa mwenye nywele za kipilipili ana neema asiyoishukuru. Nywele za singa hulala kama karani baada ya chakula cha mchana, na mwenye nazo hana budi kuzikata kwa matabaka, kuzipuliza kwa moto, na kuzipaka mafuta mazito ili zikubali kusimama hadi saa sita. Ilhali za kipilipili husimama zenyewe, kwa hiyo kimo kile tunachokitafuta kwako ni bure. Jambo moja tu ulihadhari: nywele za namna hii zikiwa na maji hunyooka, zikikauka hujikunja na kupungua urefu, kwa hiyo kinyozi anayekukata mbichi kwa kipimo cha vidole vitatu atakupeleka nyumbani na kimoja na nusu. Zikatwe zikiwa kavu. Aidha, ikiwa nywele zako zilitiwa dawa, usikubali kuachiwa ncha za dawa juu ya mizizi ya asili, maana pale zinapoungana ndipo zinapokatika. Ziondolewe zote, uso uonekane, ndipo uamue. Miriam Makeba, aliyetuimbia kwa Kiswahili wimbo wa *Malaika*, alipanda katika majukwaa ya Marekani miaka ya 1960 na nywele zake fupi za asili na mashavu yake yote, na sijasikia kwamba yupo aliyedai arudishiwe kiingilio.

Hereni zako ziwe ndefu na nyembamba, si zile pete kubwa ambazo ndani yake kasuku angeweza kubembea, kwani duara mbili zikiwekwa kando ya duara moja hufanya tatu. Na siku utakayotoka saluni, usipitie kwa wifi. Pitia kwanza kwa mama.

*Mzee wangu, salaam aleikum. Naoa mwezi ujao. Mashavu yangu ni makubwa. Mama ataka ninyoe upara niwe nadhifu, kinyozi ataka nifuge ndevu, na vijana wenzangu wanihimiza ninyoe panki. Nimsikize nani? — Bwana Harusi, Kibokoni, Mombasa.*

Aleikum salaam, bwana harusi, na Mungu ajaalie ndoa yenye kheri. Mamako namheshimu, na haki ya kukunyoa aliipata zamani, siku ya saba ya uhai wako, siku ya akika, ulipoondolewa nywele za tumboni bila kushauriwa. Lakini haki hiyo hutumika mara moja. Upara juu ya uso wa mviringo huukamilisha mviringo, na mpiga picha wa harusi atapata taabu kujua aanzie wapi. Hauwezekani ila kwa sharti moja, nalo ndilo kinyozi wako alilokusudia: ndevu ziwe kidevuni, zishuke kidogo chini ya ncha yake, na sharafa zipunguzwe ziwe nyembamba, kwa sababu ndevu zikijaa mashavuni huongeza pale palipokwisha kujaa, na zikisimama kidevuni hukirefusha.

Ama panki, ambayo wazee wenzangu huilaani kila Ijumaa, nina neno nayo, na wanisamehe. Babu zetu walikuwa na mtindo ulioitwa denge, wa kunyoa kichwa chote pembeni na kubakiza shungi la nywele utosini, nao ulikuwa mtindo wa watu wenye haya zao na mashamba yao. Kijana anayenyoa pembeni na kusimamisha juu, hata akiuita kwa jina la ugenini, anakata denge pasipo kujua, na kwa kufanya hivyo anaufuata ule mwendo wa kimo juu na wepesi pembeni niliomweleza dada yako Sinia. Mimi nilipoanza kazi nilitumia mashine ya kubana kwa mkono, ambayo ilizing'oa nusu ya nywele ilizoshindwa kuzikata. Leo mna mashine ya umeme, ambayo Mmarekani Leo Wahl alipewa hataza yake mwaka 1921, pamoja na vitana vyake vyenye namba, na hakuna udhuru wa kunyoa kichwa chote kwa kipimo kimoja. Mwambie kinyozi aanzie juu ya masikio kwa namba moja, inayobakiza kama milimita 3, apande kwa namba mbili, yenye 6, na juu amalizie namba nne, yenye 13, au kwa mkasi ikiwa mkono wake ni mtulivu. Huo si upara wala si panki, na mama ataona umetii, na vijana wataona umeasi.

Usinyoe asubuhi ya nikahi. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Ukinyoa siku kumi kabla, zitakuwa zimerudi milimita 3 hivi, kiasi cha kulainisha ukali wa mashine, ingawa si kiasi cha kufuta kosa.

*Shikamoo babu. Shuleni kwetu wasichana wote tunanyolewa fupi. Mimi nikinyolewa naonekana kama danzi. Nifanyeje nionekane mzuri? — Danzi, Kidato cha Pili.*

Marahaba, mjukuu wangu. Kanuni ya shule haina kitana namba nne, nami sitakufundisha kuikwepa. Mwombe tu anayekunyoa asikuchongee mstari juu ya paji. Aache mpaka wa nywele ulivyoota, maana mstari uliochongwa chini hulifupisha paji, na ukichongwa juu utabaki na upaa usioutaka wiki tatu. Kisha geuka uwatazame waliokaa nyuma yako darasani: nao ni madanzi. Shamba zima.

*Ustadhi, mimi ni kinyozi mwenzio hapa Ng'ambo, Unguja. Wateja huniletea picha za wacheza sinema ndani ya simu, wakataka niwafanye kama wale. Nikatae? — Mkasi Mchovu.*

Ndugu yangu katika mkasi, nitakusimulia kosa langu, nawe ulipime. Alinijia siku moja nesi mmoja, mwenye uso wa badri usio na dosari, amebeba karatasi iliyokunjwa mara nne, na ndani yake picha ya Audrey Hepburn kutoka katika ile sinema ya mwaka 1953, ambamo yeye ni binti wa mfalme anayetoroka mjini Roma na kuingia kwa kinyozi. Nikaiweka picha kandokando ya kioo. Macho yangu yaliona vema kwamba yule bibi wa sinema ana taya lenye pembe na shingo kama ya mbuni, na kwamba vile vinywele vifupi vya mbele vilivyomkaa juu ya paji vilihitaji uso mrefu wa kuvichukua. Lakini ulimi wangu ulikuwa na tamaa ya shilingi na woga wa kumvunja mteja moyo, na mkono ukautii ulimi. Nikakata. Nilipomgeuzia kioo alijitazama kwa muda mrefu, akasema ahsante, akalipa timamu, akafungua mkoba, akatoa kanga. Nilimwona njiani miezi mitatu mfululizo, jua na mvua, amejitanda kanga ile ile, na kila mara alinisalimu kwa adabu, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Basi usikatae picha. Ipokee, uisifu, kisha umuulize mteja ni kitu gani ndani yake alichokipenda. Utashangaa ni mara chache kiasi gani kitu hicho ni nywele: mmoja amependa hereni, mwingine amependa kule kucheka, na wa tatu anaipenda Roma. Yule anayezitaka nywele zenyewe, umwonyeshe kwa mkono wako kichwani pake, kabla hujakata, mahali zitakapoishia. Zikiishia shavuni ataona mwenyewe.

*Mzee, mke wangu amekata nywele fupi sana bila kuniambia. Aliporudi aliniuliza, "Vipi?" Dada yangu alikuwapo, akacheka. Mimi nilikuwa bado nafikiri la kusema. Sasa ni siku ya nne hatusemezani, na mchuzi hauna chumvi. — Mume Aliyenyamaza, Chumbageni.*

Bwana wee. Mimi si mdadisi, na siri za wasomaji huziweka amana. Ila barua hii imekuja wiki moja baada ya ile ya kwanza, ina muhuri wa posta ile ile, na mwandishi wa ile ya kwanza, naona, hakuwa na subira ya kungoja nimjibu. Yaelekea alikata vizuri, kwa sababu wifi hacheki kitu kibaya, kibaya hukisifu.

Neno lililotakiwa siku ile lilikuwa moja tu, nalo lingetosha hata lingekuwa "Mashallah" la kukohoa. Siku ya nne halitoshi. Nenda sokoni ukanunue hereni, ndefu na nyembamba, kisha uzipeleke wewe mwenyewe kwa mkono wako, usimtume dada. Zishike juu kwenye mwanga, usogee karibu, na uwe umekwisha kusema kabla hajauliza.