Tisa ya Mangi

Luku ilikata saa mbili usiku, Mama Asha yuko katikati ya kusonga ugali kwenye jiko la umeme. Simu yangu ilikuwa imezima tangu alasiri, hivyo nikakimbilia kwa Mangi dukani. Akaninunulia tokeni kwa simu yake, akaniandikia namba kwenye kipande cha boksi la sigara. Mangi ni mtu mwema, ila mwandiko wake ni wa kuku aliyekimbizwa.

Nikabonyeza tarakimu zote 20. Mita ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Mara ya tatu nikabonyeza taratibu, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mkwewe. Ikakataa.

Mtu mwenye akili angerudi kwa Mangi. Mimi, kwa bahati mbaya ya familia yangu, ni mpenzi wa namba kubwa. Nikavuta ndoo, nikaigeuza kiti, nikaanza kumweleza Mama Asha kwamba tokeni haibahatishwi. Ndani ya mita ile namba ni biti 66 tu. Chukua 1, iongeze maradufu mara 66, unapata 73,786,976,294,838,206,464. Hiyo ndiyo dari; hakuna tokeni inayoifikia. Ukijaribu namba moja kila sekunde, utazimaliza baada ya miaka zaidi ya trilioni 2.

"Ugali hausubiri, Baba Asha."

Lakini utamu ndio ulikuwa unaanza. Iongeze dari hiyo maradufu mara moja tu, kisha toa 1: 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alisema hiyo ni namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa, ila watoto wake hakuna aliyewahi kuwaona. Mpaka 1903, huko New York, Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliandika ubaoni 193,707,721, akaizidisha kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu, jibu likawa lile lile, akarudi kukaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

"Na sisi tutakaa gizani Jumapili ngapi?"

Hapo Asha, wa kidato cha pili, akaja na mshumaa, akaangaza lile boksi.

"Baba, si umesema dari inaanza na 7?"

"Ndiyo, mwanangu. 7 na ushee." Nilifurahi kwamba walau mmoja ananisikiliza.

"Sasa mbona yako inaanza na 9?"

Nikaitazama. Nikaigeuza kushoto, nikaigeuza kulia. Ilikuwa 4. Mangi huifunga 4 yake kichwani, kumbe, kama mtu anayefunga mlango wa duka mapema.

Taa zikawaka. Jikoni ugali ulikuwa umeganda, na mwiko umesimama wima katikati yake bila kushikwa na mtu.