Kwanza Nunua Zulia

Nyumba nyingi za kwetu zina sakafu ya saruji au vigae, na sakafu za namna hii zina kasoro kubwa: zinasafishika. Ufagio ukipita, dekio likafuata, shughuli imekwisha kabla chai haijachemka, na aliyeifanya hana la kusimulia barazani. Anayetaka kuanza maisha na mashine kongwe ya kufyonza vumbi inabidi aiondoe kasoro hiyo mapema. Nunua zulia. Chagua la manyoya marefu, rangi ya maziwa, ulitandike hapo hapo watoto wanapopita wakitoka uani. Usilikung'ute, usilianike juani, na mtu yeyote asilitundike kambani akalichapa fimbo, maana litatakata na wewe utakosa sababu. Mwezi ukiisha utakuwa na uchafu wa kutosha, na hapo tunaweza kuanza.

Mashine usiinunue mpya. Mpya ni plastiki iliyobanwa kwa vibanio visivyotaka kufunguka, na ikiharibika hata fundi mwenye subira huigeuza mara moja tu, akakurudishia. Unachotafuta ni kitu chenye skrubu. Nenda kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, yale yanayopokea makontena kutoka Uingereza na Dubai, upenye katikati ya majokofu na makochi hadi uione imeegemea ukuta: kichwa kizito cha chuma, mpini mrefu, na mfuko wa kitambaa ukining'inia kwenye mpini. Ikiwa ni Hoover Junior umebahatika. Aina hiyo iliuzwa sana Uingereza kwa miongo mingi, na kwa sababu hiyo vipuri vyake bado havijaisha duniani.

Usimuulize muuzaji kama inafanya kazi. "Hii ya Ulaya kabisa, bosi," atasema, na kwamba ilikuwa inanguruma vizuri mpaka siku ilipopakiwa melini. Ukiomba ijaribiwe, utaambiwa umeme wa LUKU umekwisha asubuhi hiyo. Shusha bei kwa kulalamikia mfuko uliofifia rangi. Ukilalamikia mota atajua kuwa unajua, na wanaojua hupandishiwa.

Ila kabla hujatoa pesa, geuza mashine usome kibati chake. Kikisema volti 230 au 240, lipa. Kikisema 120, hiyo ni ya Marekani, huenda ni Kirby, lile dude la alumini ambalo wachuuzi wa mlango kwa mlango walilibeba ngazi hadi ngazi kwa miaka na miaka. Ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transforma, itafyonza vizuri kuliko ilivyowahi kufyonza tangu itoke kiwandani, kwa sekunde chache, na baada ya hapo utakuwa na pambo la sebuleni. Transforma zenye nguvu ya kuimudu zipo madukani. Ni ghali na ni nzito, na utakayonunua itabidi nayo uitafutie mahali pa kukaa.

Ukifika nyumbani utaulizwa. "Baba Salma, na hiki nacho?" Usithubutu kujibu kwamba ni kifaa cha usafi, kwa kuwa ufagio uko nyuma ya mlango na kila mtu anauona. Jibu kwa historia. Eleza kwamba mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alitengeneza mashine ya kufyonza vumbi kubwa kiasi cha kuvutwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, mabomba yakapenyezwa madirishani, na mwaka uliofuata ikasafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Booth alisimulia kwamba alilijaribu wazo lake kwa kuuweka mdomo kwenye mgongo wa kiti cha mgahawa na kuvuta pumzi kwa nguvu, karibu apaliwe. Taja farasi kwa kirefu. Mtu akisikia habari za farasi, hicho kidude chako mlangoni kitaanza kuonekana kidogo.

Kama uso bado umekunjwa, nenda kwa James Murray Spangler. Huyu alikuwa mfagizi wa duka kubwa katika mji wa Canton, Ohio, mwenye pumu, na vumbi la mazulia ya tajiri wake lilikuwa likimmaliza kifua. Akachukua mota ya feni, sanduku la sabuni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaunganisha. Mwaka 1908 akapata hataza, kisha akaiuza kwa William Hoover, mtengenezaji wa vifaa vya farasi vya ngozi aliyekuwa akiyatazama magari yakija na kujua kwamba farasi hawana siku nyingi. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye mashine yako ni la aliyekuwa na pesa, na kazi ni ya mfagizi. Foronya! Spangler angekuja leo kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, angepewa kibanda na nyundo bila kuulizwa cheti.

Hoja ya tatu iweke akiba kwa ajili ya siku ya bili. Hoover Junior hula wati mia chache tu. Mashine zilizokuja baadaye ziliongezwa wati mwaka hadi mwaka, zikavuka 2,000, kwa kuwa mnunuzi dukani husoma namba kubwa akadhani anasoma nguvu ya kufyonza. Umoja wa Ulaya ukachoka, ukaweka kikomo cha wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, ukakishusha hadi 900 Septemba 2017. Viwanda vilihitaji sheria ili virudi kuelekea pale bibi wa Kiingereza alipokuwa amesimama muda wote na Hoover yake.

Sasa ifungue. Anza na mfuko, ukaufungulie nje, barakoa usoni, upepo mgongoni, na baada ya kuhakikisha jirani hajaanika. Humo mna vumbi la Uingereza lililoingia nchini bila viza: manyoya ya mbwa, vijiti vya mti wa Krismasi, kifungo cha shati la mtu usiyemjua. Mwaga vyote. Mfuko wenyewe ukung'ute, uupige brashi ndani na nje, lakini usiuloweke kwenye maji moto, maana kitambaa kikisinyaa hakitarudi kwenye pete yake. Skrubu zipange mezani kwa mpangilio uliozitoa, na kila hatua upige picha kwa simu. Mtoto atapita na kuchukua moja. Hiyo ndiyo itakuwa ndefu kuliko zote, na haina mwenzake mjini.

Halafu waya, na hapa naomba usicheke. Waya wa zamani una mpira uliokauka, na ukiukunja unapasuka hadi shaba. Utashauriwa uzungushie utepe mweusi. Utepe mweusi umeshika mengi katika nchi zetu, lakini hili tusiupe: badilisha waya wote, kutoka plagi hadi swichi. Uingereza ya zamani ilitumia nyekundu kwa waya wa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa erthi. Waya utakaonunua leo una kahawia, buluu, na kijani chenye mistari ya njano. Mashine yenye mwili wa chuma iliyokuja na nyaya tatu irudishiwe zote tatu. Fundi aliyeikata erthi kwa kuwa "inawaka hata bila hiyo" alikuwa anasema kweli. Inawaka, na siku waya wa moto utakapogusa bati utawaka na wewe. Fungua na plagi. Fyuzi iliyokuja nayo ni ya ampea 13, ya pasi na jagi la kuchemshia maji. Mashine ya wati mia chache iwekee ya 3, au ya 5 kama ile inakatika kila ukiwasha.

Usiichomeke bado. Tafuta balbu ya kizamani ya wati 100, ile yenye uzi unaowaka, uiunge mfululizo na mashine ili umeme upite kwenye balbu kwanza. Utazunguka maduka mengi ukiambiwa ziliisha, na utarudi nyumbani na balbu moja iliyokugharimu nauli mara tatu ya bei yake. Ila inafaa. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na mota imenyamaza, kuna mahali nyaya zimegusana, na wewe umelijua hilo bila moshi. Balbu ikiwaka kiasi na mota ikaanza kuzunguka pole pole, mgonjwa anapumua.

Magonjwa ya mota hizi ni machache. Wa kwanza ni wa kaboni, vile vijiti viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi kugusa pete ya shaba yenye vipande vipande. Zikiisha, mota hukohoa na kurusha cheche. Kaboni za mashine yako dukani hazipo. Za drili na za grainda zipo tele, na ukipata zilizo kubwa kidogo kuliko zako utazisugua hadi ziingie bila kubana. Pete ya shaba isafishe kwa msasa laini wa mbao. Ule mweusi wa chuma huacha chembe zinazopitisha umeme katikati ya vipande. Cheche ndogo za kibuluu ni afya. Duara zima la moto likizunguka pete ni habari mbaya, na hapo mpelekee fundi wa kusuka mota, ukajifunze subira. Atakwambia Ijumaa. Hatataja Ijumaa ya mwezi gani.

Sasa tuje kwenye mkanda. Ndani ya kichwa cha mashine mna roli yenye brashi, inayozungushwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye shina la mota. Bila mkanda, mashine itanguruma na kuvuta hewa, na zulia halitajua kama umepita. Mkanda wa miaka 40 ama umekakamaa ama umelegea, na dawa ya kienyeji ni ile inayotibu kila kitu hapa kwetu, kuanzia mzigo wa bodaboda hadi bomba linalovuja: kipande cha tyubu. Kata pete ya tyubu ya baiskeli, ivishe, washa. Itazunguka! Utaita watu waje waone. Kisha itaanza kuteleza, itapata joto, na nyumba itanuka kibanda cha ziba pancha. Waliokuja kuona watarudi kwenye shughuli zao bila kusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko wangesema.

Ukiwa umeishika roli hiyo, chukua mkasi ukate nywele zilizojisokota. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayesuka rasta, tengea kazi hii jioni nzima. Sehemu za alumini zing'arishe kwa Brasso, ile ile ya vifungo vya askari, na usimalize kopo lote siku moja.

Siku ya kuitumia, okota kwanza sarafu. Kwenye mashine za aina hii uchafu hupita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni, na sarafu ya shilingi mia ikipita humo jirani atalala chini. Usiipitishe penye maji hata kidogo. Shusha kichwa hadi zulia liinuke na kushika mdomo wake, uende mbele taratibu na kurudi taratibu zaidi. Brashi ndiyo inayochapa zulia, mikono yako kazi yake ni kuongoza tu. Mfuko ukifika nusu, mwaga. Kelele yake itamwamsha mtoto, itafunika taarifa ya habari, na itafanya watu mtaani wajue kwamba kwako kunafanywa usafi, faida ambayo ufagio haujawahi kumpa mtu.

Zima sasa, uvute pazia jua liingie. Yale unayoyaona yakielea kwenye mwanga ni vumbi laini lililopenya kwenye kitambaa cha mfuko na kurudi sebuleni. Litatua juu ya televisheni, juu ya makochi na juu ya vigae vinavyolizunguka zulia. Chukua kitambaa chenye unyevu ufute, halafu piga deki. Mwenye pumu akae nje hadi umalize, maana Spangler alipunguza tatizo lake, hakulimaliza.

Zulia lako litatakata, hilo nalikubali, kuliko linavyotakata kwa fagio lolote, na mchanga utakaoumwaga kutoka mfukoni mara ya kwanza utakutia aibu. Baada ya hapo utaanza kuyatazama mazulia ya watu wengine. Utamtembelea shemeji na macho yako yatakuwa sakafuni. Utajitolea msikitini, ambako mazulia yapo ya kutosha na kazi ni ya halali, na mtunza msikiti atakutazama wewe na mashine yako, akaenda kutoa ile mpya ya stoo. Mashine ya pili itaingia nyumbani kwako ikiitwa ya vipuri. Ya tatu haitaitwa chochote.

Hayo yote yanavumilika ukiwa na mkanda halisi. Mikanda hiyo bado inatengenezwa na inauzwa Uingereza kwa bei ndogo, na ni myepesi kiasi cha kukaa kwenye bahasha. Kama una ndugu Leicester au London anayekuja likizo, mwambie safari hii aache chokoleti, alete mikanda ya Hoover Junior. Ikizidi, niwekee mmoja.