Sifa za Taa Iliyogoma Kuamka

Kuna magari ya zamani ambayo taa zake za mbele hulala chini ya mfuniko mchana kutwa na kuinuka giza likiingia. Toyota Celica za mwishoni mwa miaka ya 1980 ni za namna hiyo, na Mazda MX-5 za mwanzo, zilizotoka 1989, vilevile. Yakishachakaa hupatwa na ugonjwa mmoja maarufu: dereva anabonyeza swichi, taa ya kulia inaamka, ya kushoto inagoma, na gari linabaki likimkonyeza kila linayepishana naye. Wapita njia hucheka, mwenye gari hununa. Wote wawili wanaukosea heshima ubovu huu. Kati ya maradhi yote yanayoweza kulipata gari kuukuu kwenye barabara ya M1 ya Malawi, kutoka Kanengo kupitia Lumbadzi hadi njia panda ya Dowa na kuingia Dzaleka, sioni ugonjwa wenye adabu kuushinda huu.

Adabu yake ya kwanza ni kutojificha. Pampu ya mafuta hufa bila kuaga, na breki huisha kimyakimya mpaka siku ya mteremko. Taa iliyogoma huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, tena hujieleza vizuri kwa fundi mwenye masikio. Mota ikinguruma na taa isisogee, basi gia ya plastiki imelika au mkono wa kuinulia umechomoka kwenye kiungo chake. Kukiwa kimya kabisa, aanze na fyuzi, aende kwenye rilei, amalizie na waya. Taa ikipanda na kushuka bila kukoma, vile vibati vya ndani ya mota vinavyotakiwa kuisimamisha vimechafuka, jambo lisilo ajabu mahali penye vumbi la kiangazi linalotimuliwa na malori ya tumbaku yaendayo mnadani Kanengo. Na hapo ndipo penye utamu wenyewe: kilichokufa ni mlango tu, mwanga haujaguswa. Balbu nzima, betri nzima. Fundi anachomoa fyuzi ya mota, anafungua boneti, anavua kofia ndogo ya mpira iliyo juu ya mota, na chini yake anakuta kitufe cha kuzungusha kwa vidole. Anazungusha na, gia ikiwa bado inashika, mfuniko unapanda kidogo kidogo hadi taa inasimama wima. Asifanye papara tu, maana mota za Kijapani za aina hii nyingi huzunguka upande mmoja: nusu mzunguko wa mkono wa kuinulia huinua, nusu inayofuata hulaza. Akipitiliza, taa inarudi kitandani naye anaanza upya.

Wapenzi wa magari mapya watasema huko ni kurudi nyuma. Haya, na turudi mpaka mwisho: Cord 810, gari la Marekani la mwaka 1936, lilikuwa na taa za kujificha ambazo dereva aliziinua kwa kuzungusha mkono uliokuwa dashibodini, mmoja kwa kila taa, na likasifiwa kuwa la kisasa kupita kiasi. Mota yetu ikifa inatupandisha cheo hadi huko. Taa ya LED ya leo, iliyogandishwa ndani ya plastiki, ikizima mara nyingi hununuliwa nzima. Hesabu hiyo ina uzito wake Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu 10,000 hivi na leo ina zaidi ya 50,000. Sera ya Malawi inamtaka mkimbizi aishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaagiza waliokuwa wamehamia mijini warudi. Kwa fundi wa hapo, duka la spea la Lilongwe liko mbali kwa kilomita na mbali zaidi kwa kibali. Ubovu unaomdai vidole vyake tu, bila kifaa kutoka nje, umemhurumia kuliko wengi wanaomtungia sera.

Nasikia pingamizi zito: gari lenye taa moja usiku huonekana kama pikipiki, na anayekuja mbele akiamini hivyo anaweza kulivaa. Kweli tupu. Juni jua huzama Lilongwe yapata saa 11 na nusu jioni, na hapo barabara bado imejaa baiskeli na watembea kwa miguu. Lakini taa hii inaweza kuinuliwa saa sita mchana na kuachwa hivyo hivyo, kwa hiyo anayeondoka nayo ikiwa imelala amegoma mwenyewe. Pingamizi la pili ni mojawapo ya yaliyozimaliza taa hizi viwandani: kona yake ngumu inayochomoza humuumiza zaidi anayegongwa. Za mwisho kuuzwa kwenye magari ya kawaida ziliishia 2004, kwenye Corvette na Lotus Esprit. Hapo sina budi kukubali, ila niongeze kwamba taa mbovu, mchana ikiwa bado haijainuliwa kwa vidole, inamlinda mpita njia vizuri kuliko nzima iliyoinuliwa.

Linabaki suala la upepo. Gari lililoachwa na taa zimesimama huvuma zaidi na hunywa mafuta zaidi kidogo, hasa likikimbia. Kwa mwendo wa foleni iliyo nyuma ya lori la tumbaku kuingia Kanengo, geji haitaligundua hilo.