Mkandarasi Aliyenitoroka Mdomoni

Nilikuwa natafuna githeri kwenye kibanda kimoja Kawangware, Jumanne, saa saba mchana, sina ugomvi na mtu. Kijiko cha nne, mdomo ukasema kwa! Ndani ya maharagwe mlikuwa na jiwe dogo jeupe, limechemshwa likachemka. Nikatema kiganjani. Mama mwenye kibanda akaangalia jiwe, akaangalia kipande cha gego kilicholala kando yake, akasema, “Pole, baba. Hilo la kushoto ndilo letu.”

Utamkasirikia vipi mtu wa namna hiyo? Na parachichi alikuwa ameniongezea bure. Nikalipa, nikafunga kipande changu kwenye karatasi, nikaenda.

Usiku ndipo nilipojua kwamba jino lina watu ndani. Nikilala, ngoma. Nikiketi, ngoma inapungua. Mke wangu akaniambia nibane karafuu, nikamjibu kwa ukali kwamba mdomo wangu si sufuria ya pilau. Akageukia ukutani akalala.

Asubuhi nikapanda matatu ya 46. Julai Nairobi ni friji, na mimi, kwa bahati yangu ya kawaida, nikapata kiti cha dirisha lisilofunga. Tulipokaribia Yaya Centre upepo ukaniingia mdomoni, nikaruka hadi makanga akadhani nashuka.

Daktari wa meno alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. “Fungua mdomo, mzee.” Mzee! Nina miaka 48. Akachungulia, akanieleza kama anayeonyesha nyumba ya kupanga. Juu kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Mfupa wenyewe huiamkia shikamoo. Chini yake kuna dentini, ya manjano kidogo, imetobolewa vijifereji maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, na ndani yake mna majimaji. Upepo ukiyatikisa, mishipa ya fahamu hupata habari. Kumbe ndiyo simu niliyopigiwa Yaya.

Katikati kabisa kuna kiini, chenye damu na mishipa. Kidole kikivimba kinatanuka. Kiini kikivimba hakina pa kwenda, maana kuta zake ni ngumu pande zote. Na ukilala, damu inazidi kuelekea kichwani. Nikaelewa mara moja. Ni 46 ya saa kumi na mbili jioni, imejaa hadi mlangoni, na makanga bado anaita wawili wa mwisho.

“Sawa, daktari. Sasa hiyo enameli itaota lini?”

“Haioti.”

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Seli zinazojenga enameli hufanya kazi jino likiwa bado ndani ya ufizi. Jino likichomoza, zimekwisha. Mate huweza kurudisha madini kidogo pale yalipoanza kupungua, lakini kipande kilichovunjika kimekwenda. Gego langu hilo ni lile linalotoka mtoto akiwa na miaka sita hivi. Kwa hiyo mkandarasi alikuwa amefunga kazi nilipoingia darasa la kwanza, akaondoka, wala hakuacha namba ya simu. Ngozi ikikwaruzwa inajiziba. Mfupa ukivunjika unaunga. Hata mashimo ya barabara ya kwetu hutiwa kifusi uchaguzi ukikaribia. Enameli, bwana mkubwa wa mwili mzima, haina hata kibarua mmoja.

Kinachoniuma zaidi ni yule Mvulana wa Turkana, aliyehifadhiwa pale Makumbusho ya Taifa. Mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu aliona kipande cha kwanza cha fuvu lake Nariokotome mwaka 1984, na mvulana mwenyewe alikuwa amekufa miaka kama milioni 1.5 kabla. Meno yapo! Wataalamu husoma ndani ya enameli mistari ya ukuaji, kama mtu anavyosoma daftari la deni dukani, na meno yakasema alikufa na miaka minane hivi, ingawa mifupa ilidai zaidi. Yeye mchanga wa Turkana haukumshinda. Mimi nimeshindwa na sufuria ya Kawangware. Taya lake, lakini, lina alama za uvimbe mahali jino la utotoni lilipong’oka, kwa hiyo huenda naye alikesha. Ila hakutajiwa bei ya kuvisha gego kofia. Mimi nilitajiwa, ngoma ikanyamaza kwa heshima.

Nikaomba kizibo cha muda. Akaziba kwa dawa nyeupe, harufu ikanifika puani: karafuu! Mafuta ya karafuu, akasema, huchanganywa na unga wa oksidi ya zinki, hutuliza kiini. Nimelipa elfu mbili ninukie pilau. Nyumbani mke wangu alinusa mara moja tu, akatabasamu, hakusema neno. Afadhali angesema.

Binti yetu wa miaka saba, ambaye meno yake ya mbele yote yako safarini, alikiona kile kipande kwenye karatasi. Akasema kitupwe juu ya paa, niombe jipya. Nikamweleza habari za seli na mkandarasi. Hakunisikiliza, akanishika mkono tukapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, tukakuta mlango wa paa una kufuli, na mlinzi wa ploti ameketi hapo akisikiliza redio.

“Mnaenda wapi, mzee?”

“Kutupa jino.”

Akapunguza sauti ya redio. “Na kodi ya mwezi huu?”